Bwana Kiini Hubeba Maneno Manne

Ndoto ya usiku wa jana ilinikuta nimepanga foleni ndani ya kompyuta ya binti yangu, mkononi nina sahani ya makande. Naiandika kama ilivyokuwa, siongezi chumvi, kwa sababu wapo wazazi wenzangu wenye watoto wa kompyuta ndani ya nyumba na hakuna anayewaonya. Mimi nimeishia darasa la saba. Kama kuna mahali nimekosea, aliyesoma zaidi aote ya kwake.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa kabla sijalala. Binti yangu anaitwa Nakunda, ana miaka ishirini na mitano, amesoma hadi chuo kikuu, na kazi yake ni kutengeneza maktaba. Niliposikia hivyo mara ya kwanza niliwatangazia kina mama wa kwaya, wakanipigia vigelegele. Kumbe maktaba yenyewe haina jengo, haina kitabu, haina hata kiti. Iko ndani ya kompyuta.

"Sikiliza, mama," Nakunda alinieleza siku moja mezani. "Kompyuta nyingi zina kiini kikubwa kinachofanya kila kitu. Cha kwetu ni kidogo kabisa, kazi yake kubwa ni kupeleka ujumbe. Kazi nyingine zinafanywa na wahudumu walio nje yake. Mmoja anatunza mafaili, mwingine anatunza majina, mwingine skrini. Sasa programu ya lugha ya C haiwajui hao wahudumu. Imezoea kusema 'nifungulie faili', basi. Maktaba ndiyo inayopokea ombi, inaligeuza kuwa ujumbe, halafu inakikabidhi kiini kipeleke."

"Kwa hiyo ni karani wa mapokezi," nikasema.

"Mama!" Akafikiri kidogo. "Haya, ndiyo. Karani wa mapokezi."

Miezi minane chumbani, mapazia yamefungwa, anamtengeneza karani wa mapokezi. Niliendelea kumpikia. Nikajiona mzazi mwema sana.

Lakini siku kumi na moja zilizopita nilimwita aje kula mara tano, na mara ya sita sikuita. Nilikwenda kwenye mita nikashusha swichi kubwa. Mtoto alitoka chumbani, hilo sitakataa, njia yangu ilifanya kazi. Ila kompyuta yake haina betri nzima, na ilikuwa katikati ya kuandika kwenye diski. Kilichokuwa kinaandikwa kikaharibika, na kilichokuwepo kikaharibika nacho. Wiki tatu za kazi. Nakunda alinitazama, akarudi ndani.

Tangu siku hiyo hatusemeshani. Mimi nikitoka jikoni, yeye anaingia. Yeye akitoka bafuni, mimi nakumbuka nina nguo za kuanua. Juzi wifi yangu alinipigia simu kutoka Mwanza kunishukuru kwa kumpa mgeni. Mgeni gani? Nakunda. Anahamia kwake Jumamosi. Binti yangu anahama nyumbani kwangu, na habari nazipata Mwanza.

Jana ilikuwa Alhamisi. Nililala nikiwaza jambo moja tu, kama mwanangu ataondoka bila kuniaga.

Basi, foleni.

Mbele yangu amesimama herufi A, amevaa suti. Nyuma yangu ipo saa ya ukutani, imekuja kuuliza ni saa ngapi.

"Wewe si saa?" naiambia. "Jiangalie mwenyewe."

"Siruhusiwi," inajibu. "Lazima nipitie maktaba."

Nikajua kweli mahali hapa pamejengwa na mwanangu.

"Ninapoa," ikasema sahani.

"Vumilia."

"Navumilia, lakini napoa huku navumilia."

Kwenye kaunta ameketi dada mmoja mwenye kucha ndefu, kifuani ana kibao kilichoandikwa MAKTABA YA C. Nyuma yake kuna ubao mweusi na dasta inayoelea hewani yenyewe.

"Ombi?"

"Nimemletea Nakunda chakula. Mimi ni mama yake."

"Hasi moja," akasema.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndiyo imeshindikana."

"Imeshindikana kwa nini?"

"Sababu ilikuwa hapo ubaoni. Umeuliza swali lingine kabla hujaisoma, imefutwa. Sasa hivi ubaoni kuna sababu ya kushindikana swali lako la pili."

Nikatazama ubao. Paliandikwa 22.

"Ishirini na mbili maana yake nini, bibie?"

"Hasi moja," akasema, na dasta ikapita.

Nimeingia ofisi nyingi maishani mwangu. Nimeambiwa nirudi kesho, nimeambiwa mhusika yuko msibani, nimeambiwa mhuri umepotea. Lakini hii ndiyo ofisi ya kwanza ambayo wanakufukuza kisha wanakulaumu kwa kuchelewa kusoma sababu. Na mwanangu ndiye aliyemfundisha huyu dada kazi! Nikaona fahari kidogo, siwezi kusema uongo.

Herufi A, aliyekuwa ameshahudumiwa, akaniinamia sikioni.

"Huna kibali, mama. Hapa huwezi kumpelekea mtu kitu bila kibali cha kumfikia. Kama huna, basi kwako wewe huyo mtu hayupo."

"Nimembeba tumboni miezi tisa."

"Hicho ni kibali cha kubeba," akasema kwa upole. "Cha kupeleka anacho Mhudumu wa Majina."

Nageuka, na hapa si kwenye kaunta tena. Ni darasa la tatu, lilelile nililosomea, na nimekalishwa dawati la mbele, magoti yamekataa kuingia chini yake. Kwenye meza ya mwalimu ipo cherehani ya miguu, imevaa miwani. Hiyo ndiyo Mhudumu wa Majina.

"Unamtafuta nani?" inauliza.

"Nakunda."

"Hakuna Nakunda. Nipe njia kamili, kuanzia mwanzo wa kila kitu."

"Mwanzo wa kila kitu," nikasema, nikajihisi niko kanisani, "kisha nyumba yetu, kisha korido, kisha mlango wa pili kushoto, kisha Nakunda."

Cherehani ikaanza kushona njia hiyo kwenye kitambaa. "Mwanzo," ikasema. "Nyumba. Korido. Mlango wa..."

Ikafa.

Hakuna aliyeshtuka. Sindano imebaki juu, gurudumu limesimama. Saa ya ukutani, iliyokuwa imenifuata, ikapiga miayo.

Akaingia mwanamume mwenye buti za mvua na ndoo ya maji. Bila kumsalimia mtu, akaimwagia cherehani ndoo nzima. Gurudumu likazunguka, miwani ikajiweka sawa.

"Unamtafuta nani?" ikauliza cherehani.

"Si nimeshakwambia sasa hivi!"

"Labda ulimwambia aliyekufa. Mimi nimeanza kazi sasa hivi."

"Ni wewe yuleyule, na miwani yako hiyohiyo."

"Unamtafuta nani?"

Mwanamume wa ndoo akanitazama kwa huruma. "Mimi ndiye Mhuishaji," akasema. "Usikasirike, mama, huu ndio uzuri wenyewe. Mhudumu akifa hafi na wenzake. Namwanzisha upya, kazi inaendelea. Hakumbuki kitu, lakini ni mzima."

Jambo hili Nakunda alishawahi kunieleza, tena macho yanang'aa, anasema mashine ya namna hii inaweza kukaa hospitalini miaka bila kuzimika. Nikamjibu kwamba ofisi ambazo kila ukirudi unaanza kueleza upya tunazo siku nyingi, hazikuhitaji chuo kikuu. Alicheka siku ile. Mpaka maharage yakamwingia puani.

Cherehani ilikufa mara mbili tena. Mara ya nne ikafika mpaka "Nakunda," ikakata uzi kwa meno, ikanipa kitambaa kidogo kisicho na maandishi yoyote.

"Mbona hakijaandikwa?"

"Kibali hakisomwi, kinashikwa," ikasema. Ikafa kwa hiari yake.

Nashika kitambaa, na sasa niko getini. Geti kubwa, na mlinzi wake ana kimo cha kopo la maziwa ya unga. Kofia, filimbi, viatu vimepigwa rangi.

"Bwana Kiini," anajitambulisha. "Toa ujumbe."

Nikainama nikampa sahani. Akaizunguka, akaigonga kwa filimbi.

"Hii ni nini?"

"Makande."

"Nabeba maneno manne kwa safari. Mzigo mkubwa haunihusu, mkubaliane wenyewe pa kuuweka."

"Samahani, baba. Wewe si ndiye mkuu wa mashine hii nzima?"

"Ndiye."

"Na huwezi kubeba sahani moja?"

"Mama," akasema, wala hakukasirika, "ukuu wangu wote umetokana na kukataa kubeba vitu."

Nikamwelewa. Nimeona viongozi wengi, huyu ndiye wa kwanza kulisema kwa ufupi.

"Niweke tu chini," ikasema sahani. "Nimeshapoa, na mwanao mwenyewe hajaniita." Nikaiweka. Ikashuka barabarani peke yake kutafuta mwenye njaa.

Niliponyanyua kichwa, geti ni mlango wa pili kushoto. Korido ni ya kwangu, na ule ufa wa sakafuni naujua. Mlango uko wazi nusu, Bwana Kiini amesimama kizingitini. Ndani, Nakunda ameketi kitandani, amegeuza sikio upande wangu. Hapepesi macho. Juu ya kichwa chake linaelea neno moja, ANANGOJA.

"Anangoja nini?"

"Ujumbe kutoka kwako," akasema Bwana Kiini.

"Basi mwambie aanze yeye, mimi namsikiliza."

"Ndiyo shida yenyewe. Na wewe una neno hilohilo kichwani, ila hujioni. Yeye anangoja umtumie, wewe unangoja akutumie, na mimi sina cha kubeba. Kwangu ni mapumziko, nashukuru."

"Hapo hakuna shida hata kidogo," nikasema. "Mimi ni mama yake. Tangu lini mkubwa akamwamkia mdogo? Aseme shikamoo, nitaitikia, mambo yatakwenda."

"Mimi mkubwa na mdogo sijui," akasema. "Kimo changu unakiona. Nachojua, kila anayeingia kungoja anaandika atangoja mpaka lini. Tazama."

Akanionyesha karatasi mbili. Ya Nakunda imeandikwa: *Aliyezima aanze. Muda wa kungoja: milele.* Ya pili imeandikwa: *Mdogo ndiye anayeamkia. Muda wa kungoja: milele.* Mwandiko ni wangu, ule wa darasa la saba, wenye mikia mirefu. Na mwandiko wa Nakunda una mikia ileile. Sikuwahi kuuona.

Nikangoja.

Korido inajaa watu. Herufi A amevua koti. Inakuja B, inakuja skrini, linakuja faili moja nene linalokohoa. Wote wamesimama nyuma yangu kwa sababu kila mmoja anamngoja mwenzake, na wa mwisho anamngoja Nakunda.

"Mama, mimi naomba saa tu," ikasema saa ya ukutani. "Sikuomba ugomvi."

"Huna watoto wewe," nikaiambia.

Kikaja kishindo cha buti. Mhuishaji, na ndoo imejaa mpaka ukingoni.

"Nani amekwama hapa?"

"Huyu binti," akasema Bwana Kiini. "Siku kumi na moja hatoi neno."

"Ni kazi ya dakika moja," akasema Mhuishaji, akaanza kukunja mikono ya shati.

Nikamzuia. "Ngoja kwanza. Ukimmwagia atakuwaje?"

"Mzima kabisa. Atakula akiitwa. Atalala mapema. Hasira hata moja hatakuwa nayo."

Wazazi wenzangu, ninyi sitawadanganya. Nilifikiria. Nilimwona Nakunda mpya ametoka chumbani amechana nywele, ananiambia asante kwa chakula. Nilimwona anakwenda na mimi kwaya. Nilifikiria muda mrefu kuliko inavyompasa mama kufikiria.

"Atanijua?" nikauliza.

"Atakuuliza unamtafuta nani," akasema Mhuishaji.

Nikaishika ndoo. "Weka chini. Natuma mimi."

"Maneno manne," akanikumbusha Bwana Kiini, na daftari lake kama kiberiti likafunguka.

Mimi nilikuwa na hotuba. Siku kumi na moja nimeitunga huku naosha vyombo, ina utangulizi, ina mifano ya watoto wa watu, ina mahali pa mimi kulia. Maneno manne!

"Umekula? Umelala? Umeoga? Umesali?" nikasema.

"Manne kamili," akasema Bwana Kiini. "Nipeleke?"

Nikamtazama Nakunda pale kitandani, sikio limenielekea. "Hapana. Futa."

Akafuta.

"Mimi ni mama yako."

"Hilo analo tayari. Ndilo lililokufikisha hapa."

"Ulitaka mimi nifanye nini?"

"Ukituma swali, atatakiwa ajibu. Una nafasi ya jibu lake?"

Sikuwa nayo. Mhuishaji akanyanyua ndoo tena. Maji yanacheza, yanadondoka kwenye sakafu yangu niliyoipiga deki mwenyewe, na sikusema kitu, ndipo mjue nilikuwa nimefika wapi.

Neno la kumwamsha mtu aliyefunga moyo nalijua. Nimelisema tangu najifunza kusema, kwa walimu, kwa mchungaji, kwa bibi yangu aliyekuwa hanipendi. Neno hilo ukiambiwa, huna ujanja, mdomo unaitikia wenyewe. Ila linapanda tu, halishuki. Hakuna mama wa kwetu aliyewahi kumpa mtu aliyemzaa, na kama yupo, hakusema kwenye kwaya.

Korido nzima ikaniinamia kusikiliza. Hata faili liliacha kukohoa.

"Shikamoo, mwanangu," nikasema. "Mimi nilikosea."

Bwana Kiini akahesabu kwa vidole. Ana vidole vinne tu, vikatosha. Hakushangaa, hakunisifu, hakutikisa kichwa kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Akayakunja maneno yangu, akayatia kofiani, akaingia chumbani kwa hatua zake za kopo. Nikamwona anapanda kitanda, anashika shuka kwa mikono miwili, anateleza, anapanda tena. Akafika sikioni kwa Nakunda.

Neno lililokuwa kichwani kwa mwanangu likazimika.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa unangoja jibu," akasema Mhuishaji, akamwaga maji ya ndoo nje dirishani. "Na safari hii usiandike muda."

Nikaamka.

Ilikuwa Ijumaa, saa moja asubuhi, jua limeshaingia chumbani. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikijicheka. Kusema kweli sikucheka sana. Nikajifunga kanga, nikaenda jikoni, nikawasha jiko, nikabandika maji ya chai. Nilikuwa nimeamua kwamba akitoka nitamwambia kwa mdomo wangu, mchana kweupe, hata kama atanipita kama jana na juzi. Niliyapanga maneno kimoyomoyo, na hata hapo kwenye sufuria yalikuwa yananikwama.

Nikasikia mlango wa pili kushoto unafunguka. Hatua zikaja mpaka mlangoni kwa jikoni, hazikugeuka.

Nakunda alisimama pale, shuka mabegani, uso wa mtu aliyeamshwa ghafla. Sikio lake moja amelifunika kwa kiganja, kama vile kuna kitu kimelitekenya. Alinitazama machoni mara ya kwanza tangu siku ile ya swichi.

"Marahaba, mama," akasema.

Nami nilikuwa bado sijafungua mdomo.